Mdogo Wangu kwenye Benchi Letu

Kyakimwa ndiye aliyeniomba niandike. Ni mwanasaikolojia wa kituo chetu cha afya ya akili hapa Butembo. Alikuja kijana, nikamwonyesha vyumba na funguo, na leo yeye ndiye anayewaonyesha wengine. Anasema ninyi mnaoingia sasa mnadhani kazi ilianza siku mliyofika. Nilimjibu kwamba mtu akistaafu aachwe alime maharagi yake kwa amani. Akacheka, akaendelea kuniomba. Basi naandika. Vyeo sitavitaja, maana vilikuwa vichache na vilichelewa. Mshahara mnaujua, haujabadilika sana. Nitasema kazi yenyewe, na baadaye nitasema habari ya mdogo wangu Kakule, ambayo hata leo inanifanya niinamishe macho nikitoka misa.

Nilitoka Beni, nilikokuwa muuguzi kwenye maternite, wodi ya wazazi, na siku ya kwanza nilivaa bluzi nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Katika maternite mtu akilia unajua kilio kitaishia wapi. Huku sikujua. Asubuhi ile ndugu wawili walifika wakisukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, na juu ya mbao zake, pale ambapo kwa kawaida hukaa viazi, alilazwa kaka yao amefungwa kamba mikono na miguu. Walikuwa wamemtoa kwenye chumba cha maombi. Nikakimbia.

"Unakimbia wapi?" aliniuliza Papa Mbusa. Huyo alikuwa muuguzi mkuu, mrefu, mwenye sauti ya mtu asiyewahi kuchelewa popote.

"Kuleta sindano, Papa."

"Leta kwanza kisu."

Nilileta kisu. Akakata kamba. Akaomba maji, akampa yule mtu anywe, akasubiri amalize. Ndipo akachukua sindano, akamwonyesha. "Hii ni dawa ya kukulalisha," akamwambia. "Hapana ya kukuua. Ukiamka, miye nitakuwa hapa, tutazungumza." Yule mtu akatoa mkono mwenyewe. Nimewachoma watu wengi baada yake, na sijasahau ule mkono.

Papa Mbusa alikuwa na kitu kingine ambacho mmekirithi bila kujua. Alimwita fundi akate miguu ya kiti chake cha ofisini, kiwe sawa na kiti cha mgonjwa. Kwa urefu wake, magoti yalimfika kifuani, na mgongo ulimuuma mpaka alipoacha kazi. Lakini hakuna mgonjwa aliyemtazama kutoka chini. Meza aliisukuma ukutani. Alisema: "Dawa bila maneno ni kulaza mutu tu. Maneno bila dawa ni kumuhubiria mutu mwenye hajalala juma nzima. Weye utafanya yote mbili, na utachoka." Alisema kweli, juu ya kazi na juu ya kuchoka.

Miaka ile tulitibu hasa pombe. Lotoko, pombe kali ya kienyeji, ilituletea wanaume na wanawake, bangi ilituletea vijana, vita vya upande wa Beni vilituletea watu waliokunywa ili wasione tena walichokiona. Hao tulijua tuwaanzie wapi. Kokaini ilikuja baadaye, na ilikuja ndani ya gari lenye vioo vyeusi.

Mgonjwa wetu wa kwanza wa kokaini alikuwa mfanyabiashara, mtu anayesafiri mbali kuleta bidhaa. Hakushuka kwenye gari. Alimtuma dereva aulize kama kuna mlango mwingine.

"Kuna wa jikoni," nikasema.

Akapita wa jikoni. Mpishi wetu hakuwa ameambiwa kitu; alimwona mtu kwenye mlango wa kuingizia makaa, akamuuliza gunia liko wapi. Yule mkubwa akatazama viatu vyake vinavyong'aa. Nilimwona akiwa na haya kiasi kwamba nilisahau kucheka.

Daktari wetu alimwambia ukweli siku ileile, nami nawaomba msiufiche kamwe. "Papa, hakuna kidonge cha kuondoa kokaini sawa vile kwinini inaondoa malaria. Nitakupatia dawa ya huzuni, juu huzuni itakuja. Nitakupatia na ingine, yenye batu bengine inabapunguziaka hamu, bengine hapana. Lakini kazi kubwa iko pale kwenye kile kiti, na Mama Masika."

Masika ndiye mimi.

Tulijifunza kwa kumtazama. Mtu akiacha unga ule, kwanza analala kama aliyelima mlima mzima. Mwache alale. Akiamka anakula, fufu na sombe na chochote kilicho karibu. Mpe. Halafu huzuni inamshika, na hapo ndipo pa kuogopa, kwa sababu anaweza kutamani kufa wakati familia nje inamshukuru Mungu kwamba ameanza kula. Msimwache peke yake siku hizo, wala msimpe pakiti nzima ya dawa mkononi. Anayempa dawa awe mke, mama, mtu mwenye macho. Usingizi ukirudi na huzuni ikilegea kidogo, ndipo maneno yanapata pa kukaa. Kabla ya hapo unaongea na ukuta.

Mimi nilikuwa nawauliza wagonjwa, "Kwa nini unafanya hivi?" Kyakimwa alipofika ndiye aliyenikataza, kwa adabu, lakini alinikataza. "Mama, ukimuuliza mutu kwa nini, anatafuta uongo wa kukufurahisha. Muulize wapi, na nani, alikuwa ametoka wapi." Nikajaribu. Yule mfanyabiashara akasema bila shida: kila akimaliza biashara nzuri, kila akilala hoteli peke yake, kila akigombana na kaka yake. Basi kwa kila mlango tukatafuta kufuli lake. Hoteli, asilale peke yake. Kaka yake, aitwe akae kiti cha tatu. Alitoka, akaanguka, akarudi, akatoka tena. Leo ana wajukuu. Tukikutana sokoni hanisalimu, na mimi simwanzi. Hiyo nayo ni sehemu ya matibabu.

Sasa Kakule.

Baba alifariki Kakule akiwa bado ananyonya. Nilimbeba mgongoni nikienda kuchota maji, nilimbeba nikisoma, na nilipoanza kazi nilimlipia shule hadi mwisho. Akawa deklara kule Kasindi, mpakani, yaani mtu anayetengeneza karatasi za mizigo ili malori yapite forodha. Kazi ya kukimbia: dereva anapiga kelele, mwenye mali anapiga simu, ofisi inataka kufunga. Akirudi kutusalimu alipitia Kyavinyonge, kando ya ziwa, akaniletea tilapia wakubwa wamefungwa kwenye majani. Parokiani watu walinishika mkono wakaniambia, "Kakule ni kazi ya mikono yako." Nilipenda kusikia hivyo. Sitasema uongo, nilikuwa nasimama kidogo pale mlangoni ili wapate nafasi ya kuniambia.

Siku moja tulikula wote kwa mama yetu, mtaa wa Rughenda. Kakule aliongea tangu alipoingia: malori, bei, nyumba atakayomjengea mama, tena malori. Sahani yake haikuguswa. Mkewe Kahindo alikuwa anatazama mkeka. Kisha damu ikamtoka puani, ikadondoka kwenye kitambaa cheupe cha mama. Nilijua kabla hajajifuta.

"Ni vumbi ya barabara," mama akasema.

Nikamfuata nyuma ya nyumba alipokuwa ananawa. "Kakule, unavuta nini?"

"Yaya," akasema, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "ni vumbi. Hukusikia mama?"

"Vumbi haifanyi macho vile."

Akacheka, akanishika mabega kwa mikono iliyolowa. "Weye unaonaka bagonjwa kila fasi. Siku ingine utamutia mama sindano."

"Kesho uje kwangu kazini."

"Nitakuja," akasema, na alasiri ileile akapanda gari la Beni.

Nilimpigia, nikampigia tena. Simu ililia tu. Kazini nilimuuliza Kyakimwa, nikijifanya napanga masanduku ya dawa, kama anajua kituo kizuri kule Kampala, au Goma, kwa mtu mmoja anayetumia kokaini.

"Huyo mutu ni wa nani, Mama?"

"Ni wa mutu."

Hakucheka. "Basi umwambie huyo mwenye mutu wake, kitanda kiko hapa."

Nikasema asante, nikaendelea kupanga masanduku ambayo yalikuwa yamekwisha kupangwa. Siku chache baadaye Kahindo alinipigia akilia: Kakule ameanguka ofisini akishika kifua, wamemtia kwenye gari linalofuata msafara wa wanajeshi wanaolinda njia, wanampeleka Beni. Nilimchukua mama. Kwenye gari letu wakapanda mama wawili wa parokia, wa kumsindikiza katika shida, kama desturi. Njia nzima walisali rozari, na mimi niliitikia, lakini moyoni nilikuwa naomba wao wawili tu wasiingie chumbani.

Waliingia. Kakule alikuwa kitandani, jasho linamtiririka, shati limefunguliwa, macho makubwa yanazunguka. Daktari kijana alikuwa na haraka. "Alikunywa nini? Alitumia dawa gani?"

"Ni malaria tu, Docteur," akasema Kahindo. "Alianza na homa."

"Balimuloga," akasema mama. "Kule mupaka batu biko na wivu."

"Moyo unakimbia sana," daktari akamwambia muuguzi, na akataja dawa ya kuupunguza mwendo. Muuguzi akaanza kuiandaa.

Dawa ile ni nzuri, nimeigawa mara nyingi. Lakini kwa mtu mwenye kokaini damuni inaweza kubana mishipa ya moyo zaidi, na hilo nilikuwa nimewafundisha wanafunzi kwa chaki. Mama zetu wa parokia walikuwa wamesimama mlangoni, rozari mkononi. Mama mzazi alikuwa ameshika mguu wa mtoto wake.

"Docteur," nikasema, "alitumia kokaini."

Nilisema kwa sauti ndogo mno. Hakusikia.

"Mama, unasema nini?"

Ikabidi nirudie. "Kokaini. Mdogo wangu anatumia kokaini."

Safari hii walisikia wote. Muuguzi akaweka ile dawa chini. Daktari hakupoteza muda: akaagiza oksijeni, aspirini, na dawa ya kutuliza kwenye mshipa. Mimi nikasogea ukutani ili nisiwe njiani, na ukutani ndipo mama aliponifuata.

"Kokaini ni nini?"

"Ni unga, mama. Unga mubaya. Anainusa."

"Sawa vile tumbako?"

"Inapita tumbako."

Alinitazama. "Na weye njo unatengenezaka batu ba vile?"

"Ndiyo, mama."

Akageuza uso, akaanza kufunga vizuri kitenge chake ambacho kilikuwa kimefungwa vizuri. Kakule aliishi. Jioni ile moyo ulianza kurudi mwendo wake. Wale mama wa parokia walirudi Butembo, na mpaka Jumapili Rughenda nzima ilikuwa inajua. Mama akabadilisha misa. Akaanza kwenda ya alfajiri, wakati ambapo watu bado hawaonani vizuri nyuso.

Kakule alipopata nguvu tukamleta kituoni kwetu. Sikuwa na mahali pengine pa kumficha, kila mtu alikwisha kujua. Kyakimwa alitungoja kwenye lango, akampokea mkoba, kisha akanigeukia.

"Mama, kwa huyu hapana uko infirmière. Uko yaya yake. Unipatie funguo ya dawa."

Nilimpa. Alikuwa sawa kabisa, muuguzi hamtibu ndugu yake, na mikono yangu ilichelewa kuziachia.

Nikabaki nje, kwenye benchi la familia, lile linalotazama lango. Nilikuwa nimelipita miaka yangu yote pale, nikisema "subirini kidogo" bila kugeuka. Sikujua kwamba jua la asubuhi linapiga kwenye lile benchi usoni kabisa, na kwamba kila anayeingia langoni anakuona wewe kwanza. Wafanyakazi wenzangu walipita na ndoo, na vitabu, na chai. Walinisalimu kwa heshima kubwa kuliko kawaida, na ile heshima iliniuma. Kwenye benchi kulikuwa na mama mmoja wa Lubero, mwanawe alikuwa ndani kwa ajili ya pombe. Juma lililotangulia nilikuwa nimemfundisha, nimesimama mbele yake na bluzi yangu, kwamba familia isione haya ya mgonjwa wake. Sasa alinitazama, akatazama mlango alioingia Kakule. Kisha akasogeza kikapu chake.

"Fika hapa, Mama. Pale jua itakupiga."

Hakuuliza lolote. Ningependa angeuliza, ili nipate hasira kidogo.

Kakule alilala, akala, akaingia kwenye huzuni kama wote. "Mungeniacha tu kule Beni," alimwambia Kahindo. Daktari akampa dawa ya huzuni, na ile nyingine ya kupunguza hamu. Hii ya pili ilimletea sindano-sindano vidoleni na ikaharibu ladha ya soda; akawa anaitema kwenye maua. Zamani ningemgombeza mgonjwa kwa jambo hilo. Daktari akamuuliza tu dawa inamfanyia nini, akapunguza kipimo, na Kakule akaimeza. Maua yalikufa, hata hivyo.

Kisha Kyakimwa akatuita kwenye viti. Tulikuwa wanne: yeye, Kakule, Kahindo, mimi. Meza ilikuwa ukutani.

"Kakule, sema ile ulikuwa unaniambia jana," akasema.

Kakule alitazama mikono yake. "Kila fasi nikipita, banasema, huyu ni kazi ya mikono ya Masika. Kanisani, kwenye soko, hata kwa mupaka. Nikianguka, ni weye njo unaanguka. Siku nilianza ile unga, ni juu tulikuwa na malori mengi, hakuna kulala, mutu mumoja akaniambia onja. Hapana niliogopa polisi. Hapana niliogopa kufa. Niliogopa weye, Yaya."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na la kusema: nilikubeba, nilikusomesha, nilikufanyia yote. Ni lile neno ambalo nimewakataza ndugu wa wagonjwa kulitamka, na lilikuwa mdomoni kama fufu ya moto. Kyakimwa akainua kiganja kidogo. "Bado, Mama." Nikalimeza.

Ndipo Kahindo akasema. Alikuwa hajasema kitu tangu Beni, wifi mpole, wa kupika na kunyamaza.

"Miye nilijua zamani. Nilikuwa nafua mashati yenye damu. Nilitaka kumuleta. Lakini ningemuleta wapi? Kituo ni ya Mama Masika. Ningeingia namna gani kwa lango, niseme bwana yangu, mudogo wa yaya, iko namna hii? Kama kituo ingekuwa ya mutu mwingine, ningemuleta mapema."

Nilitazama ile meza ukutani. Nimefanya kazi maisha yangu yote ili lile lango liwe wazi kwa kila mtu, na kulikuwa na familia moja ambayo jina langu liliwafungia nje. Sikufanya kosa lolote ili liwafungie. Nilikuwapo tu, na sifa zangu. Haya niliyoiona pale kwenye kiti haikuwa ya Kakule tena, ilikuwa yangu, na sikujua niishike upande gani.

"Kahindo," nikasema mwishowe, "ulibeba peke yako."

"Ndiyo, Yaya," akasema, na akalia kwa mara ya kwanza bila kujificha.

Kakule alitoka, akarudi Kasindi mapema mno. Kyakimwa alimsihi asirudi, daktari alimsihi. Yeye alisema malori hayamngoji mtu. Asubuhi moja nilifika kazini, nikamkuta kwenye benchi peke yake. Vumbi la safari ya pikipiki lilikuwa limemjaa hata kwenye nyusi. Waliokuwa wanafagia ua walifagia sehemu moja kwa muda mrefu sana.

"Yaya, nilianguka tena."

"Nimeona."

"Basi unikasirikie."

"Ngoja Kyakimwa anakuja."

Niliingia kwenye chumba cha dawa, nikafunga mlango, nikalia kati ya masanduku. Lango lilikuwa limeanza kujaa watu, na baadhi yao walinijua tangu utoto. Nilifikiri: ningemwingiza kupitia jikoni. Kisha nikakumbuka kwamba amekuja mwenyewe, hakuna aliyemfunga kamba, hakuna aliyemsukuma. Kwa kazi yetu hiyo ni habari njema, na kama angekuwa mgonjwa wa mwingine ningemshangilia. Nikavua bluzi, nikaikunja. Nikatoka, nikakaa kwenye benchi kando yake, bluzi magotini, na watu wakapita wakatutazama. Jua lilitupiga usoni wote wawili.

Safari ile alikaa zaidi. Alikubali kuacha kazi ya mpaka. Sasa anapima kahawa kwenye depo ya binamu yetu hapa Butembo, kazi isiyo na sifa, na Kahindo anasema analala usiku. Dawa ya hamu daktari aliiondoa polepole. Ya huzuni bado anameza. Kila juma anakwenda kukaa kwenye kiti mbele ya Kyakimwa. Kupona siandiki, neno hilo tuliachie wakati. Mama bado anakwenda misa ya alfajiri.

Nilistaafu katikati ya hayo. Waliniimbia, wakanipa kitenge na termosi. Kakule alikaa mstari wa nyuma.

Siku si nyingi zilizopita ilimbidi aende Kasindi kurudisha chumba alichopanga na kuchukua vitu vyake. Kyakimwa alimwambia asiende peke yake. Kahindo ana mtoto mchanga. Mimi sina kazi. Nikaenda naye. Malori yalikuwa yamepanga mstari mrefu, wabadilisha fedha wamekaa kwenye viti vyao, mawakala wanapita mbio na karatasi. Tulikuwa tumetoka chumbani na mizigo yetu wakati mtu mmoja aliyevaa vizuri alipotuona, akaja akicheka, mkono mbele.

"Deklara! Ulipoteaka wapi?"

Akamshika Kakule mkono, akaushika muda mrefu kuliko salamu. Kakule alipoutoa, akaufungua. Ndani kulikuwa na kipakiti kidogo cha plastiki, kimekunjwa vizuri.

"Ni zawadi tu," yule akasema kwa sauti ya chini. "Ya kukukaribisha."

Nilimwona mdogo wangu akikitazama. Nimekaa mbele ya wagonjwa maisha yangu yote, sijawahi kuwa karibu hivyo na hamu ya mtu. Shingo yake ilitoka mishipa. Nikaweka sufuria na ndoo chini.

Kakule akamnyooshea kiganja. "Chukua."

"Polepole, ndugu, batu banaona."

"Chukua!" Kakule akapaza sauti, nayo ikapasuka kama ya kijana anayebalehe. "Miye niko mugonjwa wa hii kitu! Niko natengenezwa Butembo, kwa bichaa. Na huyu ni yaya yangu, alikuwa infirmière yao kule. Chukua!"

Wabadilisha fedha wakainua vichwa. Dereva mmoja juu ya lori akarudia, "Kwa bichaa!", akacheka, na kicheko kikashuka na ule mstari wa malori, lori kwa lori, mpaka kwa watu ambao hawakusikia hata kilichosemwa. Yule mtu akachukua kipakiti chake, akapotea kati ya magurudumu. Uso wangu uliwaka. Kulikuwa na watu wa parokia yetu pale, wafanyabiashara, nilimwona mmoja akigeuka upesi ili nisijue kwamba ameniona.

Kakule aliinama akabeba godoro lake kichwani.

"Umeona haya, Yaya?"

"Sana."

"Miye vilevile."

Nikachukua sufuria zake na ndoo. Tukapita katikati ya malori kuelekea gari la Beni, yeye mbele na godoro, mimi nyuma na vyombo vikigongana, na wao wakiendelea kucheka, na hakuna hata mmoja wetu aliyeharakisha mwendo.